Picha ya Sikio la Ndani Kabla ya Upandikizi wa Koklea: Inaonyesha Nini, na Kwa Nini Huzeeka Upesi

Mzazi anayemleta mtoto asiyesikia kwa daktari wa masikio mjini Kampala mara nyingi huwa amebeba bahasha kubwa yenye filamu za skani ya kichwa, zilizopigwa miezi mingi nyuma wakati mtoto alipolazwa kwa homa kali. Anapoambiwa kwamba itabidi mtoto apigwe skani nyingine, ya masikio, kabla ya kupandikizwa kifaa cha kumsaidia kusikia, huuliza swali la haki kabisa: picha si ilishapigwa? Fedha zilitoka, safari kutoka Arua au Moroto ni ndefu, na mashine inayotajwa ni ile ile ya CT, inayopiga picha za mwili vipande kwa vipande. Jibu lake haliwezi kumalizwa kwa sentensi moja mlangoni, kwa kuwa linatokana na udogo wa kiungo chenyewe, na vilevile na ukweli kwamba sikio lililougua linaweza kubadilika ndani ya wiki chache.

Tuanze na udogo. Koklea, sehemu ya sikio la ndani inayogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva, imezikwa ndani ya mfupa wa panja, katika sehemu ambayo ni miongoni mwa mifupa migumu kabisa ya mwili. Imejisokota kama kombe la konokono, mizunguko miwili na nusu au zaidi kidogo. Kitako chake kina upana wa takriban milimita 9, na kimo chake kutoka kitako hadi kilele ni kama milimita 4 au 5 tu. Sasa, skani ya kichwa anayopigwa mtoto mwenye homa na degedege hutafuta mambo makubwa zaidi: damu, jipu, uvimbe wa ubongo, maji yaliyojaa mahali pasipostahili. Kwa kazi hiyo ubongo huweza kutazamwa kwa vipande vyenye unene wa milimita 5, na madaktari hupata wanachokitafuta. Lakini kipande kimoja cha milimita 5 kinaimeza koklea nzima. Mizunguko yote, njia zote na kuta zote hupakwa kwa wastani mmoja wa kijivu, na hakuna jicho, hata la bingwa, linaloweza kutoa humo kile ambacho mashine haikukirekodi.

Skani ya mfupa wa panja hufanywa kwa vipande vya milimita 0.6 au pungufu ya hapo. Kompyuta huhifadhi eneo lote kama mkusanyiko wa visanduku vidogo vinavyoitwa vokseli, kila kimoja kikiwa na thamani yake ya wepesi au uzito wa kitu kilichomo. Visanduku vikiwa na urefu, upana na kina vinavyolingana, au vinavyokaribiana, daktari hafungwi tena na upande ambao mashine ilikatia. Anaweza kuagiza kompyuta ijenge upya picha kwa pembe anayoitaka: kufuata mzunguko wa kwanza wa koklea tangu unapoanzia, kuusimamisha mfereji wa neva na kuutazama kwa kuukata katikati, au kuiona njia ambayo kisu chake kitapita kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye dirisha la duara, tundu dogo lililofunikwa na utando kwenye kitako cha koklea. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba picha ni ya pande tatu. Picha za rangi zinazozunguka kwenye skrini hupendeza, lakini kazi kubwa hufanywa katika vipande vya kijivu vinavyopitishwa taratibu, kimoja baada ya kingine, huku na huku.

Ili kuelewa kinachotafutwa humo, ni lazima kujua kifaa kinachopandikizwa kinafanya nini. Katika sikio lenye afya, chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000 hupokea mtikisiko ndani ya koklea, na nyuzi za neva takriban 30,000 hupeleka habari kwenye ubongo. Sauti nyembamba hupokewa karibu na kitako, sauti nzito karibu na kilele, mpangilio ambao mwanasayansi Georg von Békésy aliuchunguza kwa miaka mingi hadi akatunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1961. Kwa watu wengi wasiosikia kabisa, kilichokufa ni zile chembe zenye vinyweleo, huku nyuzi nyingi za neva zikiwa bado hai. Upandikizi huziruka chembe hizo: kipaza sauti na kichakataji huvaliwa nje, kifaa kingine huwekwa chini ya ngozi, na uzi mwembamba wenye elektrodi (vituo vidogo vya kutoa umeme) 12 hadi 22, kutegemea mtengenezaji, huingizwa ndani ya koklea ili uichokoze neva kwa umeme moja kwa moja. Uzi huo unatakiwa kupita katika njia moja kati ya njia tatu zilizojaa maji, ile iitwayo skala timpani, bila kuchana utando mwembamba unaoitenga na njia nyingine.

Kwa hiyo maswali ambayo picha inatakiwa kuyajibu ni mazito. Je, koklea ipo? Njia yake imejaa maji au imeziba? Neva ipo? Neva ya uso, ambayo ikijeruhiwa mtoto hupooza upande mmoja wa uso, inapita wapi? Mishipa mikubwa ya damu imekaa mahali pake? Jibu moja likienda kombo, upasuaji hubadilika au huahirishwa, au pengine haufai kabisa.

Kwa karne nyingi maswali haya yalijibiwa baada ya kifo tu. Mwaka 1791, Carlo Mondini, mwanaanatomia wa Bologna nchini Italia, alieleza masikio ya mvulana wa miaka 8 aliyezaliwa kiziwi, ambayo aliyapasua baada ya mtoto huyo kufariki, akakuta koklea yenye mzunguko mmoja na nusu tu. Jina lake bado hutumika kwa kasoro ya aina hiyo. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, ilileta kivuli cha mfupa, lakini kivuli huweka kila kitu juu ya kingine. Mlango ulifunguka mwaka 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa skani ya CT mjini London kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Hounsfield aligawana tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alianza kulifikiria tatizo la hesabu la skani hiyo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. MRI ilifuata, na ndiyo iliyotupa kile ambacho CT haiwezi kukiona.

Tofauti ya mashine hizi mbili ndiyo inayowachanganya wengi, hata baadhi ya wahudumu wa afya. CT hutumia miale ya eksirei na huona mfupa kwa uwazi mkubwa: kuta za koklea, mfereji wa neva ya uso, unene wa fuvu mahali ambapo kifaa kitalazwa. MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, haina miale hiyo, na huona maji na nyama laini. Katika mpangilio maalumu wa MRI unaotumika kwa sikio la ndani, maji ya koklea hung'aa meupe, na neva huonekana kama vijiti vyeusi vilivyozama ndani ya maji hayo. CT hukuambia kama nyumba ya mfupa ipo. MRI hukuambia kama ndani yake kuna maji na kama neva imeunganishwa. Mashine moja haiwezi kusimama badala ya nyingine katika mambo haya.

Hapa ndipo tunapofika kwenye homa ya uti wa mgongo, na ninaomba msomaji avumilie, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo ningependa kila kituo cha afya cha kaskazini mwa nchi yetu kilijue. Sehemu za West Nile, Acholi na Karamoja zimo katika ukanda wa Afrika unaosumbuliwa na milipuko ya ugonjwa huu. Bakteria na uvimbe unaoandamana nao huweza kuingia kwenye koklea kutoka katika maji yanayozunguka ubongo, kupitia mfereji mwembamba unaofunguka karibu na kitako cha koklea, ndani ya ile ile skala timpani ambamo uzi wa elektrodi unatakiwa kupita. Mtoto anaweza kupona homa na kurudi nyumbani akicheza, lakini ndani ya sikio mwili unaendelea kujitengeneza kwa namna isiyofaa. Kwanza hujaa nyuzi za kovu, kisha kovu hugeuka mfupa. Mara nyingi uzibaji huanzia kitakoni, karibu na dirisha la duara, mahali hasa ambapo daktari alitarajia kuingilia.

Kinachotisha ni kasi yake. Kovu linaweza kuanza ndani ya wiki chache, na mfupa ukafuata muda si mrefu baadaye. Katika hatua ya kovu, CT inaweza kuonyesha koklea iliyo safi kabisa, kwa kuwa bado hakuna mfupa mpya wa kuonwa, ilhali MRI ya siku hiyo hiyo inaonyesha kwamba weupe wa maji umeanza kufifia au umekatika. Mzazi akiambiwa kwa msingi wa CT peke yake kwamba hakuna haraka, anaweza kurudi baada ya mwaka na kukuta njia imekuwa jiwe. Upasuaji bado unaweza kujaribiwa, kwa kuchimba mfupa huo au kwa kutumia nyuzi mbili fupi mahali pa mmoja mrefu, lakini elektrodi zinazoingia huwa chache na matokeo huwa hafifu zaidi. Ndiyo maana nasema picha huzeeka. Skani ya mtoto aliyezaliwa na kasoro ya koklea itabaki kuwa kweli kwa miaka, kwa sababu koklea hufikia ukubwa wake kamili mtoto angali tumboni mwa mama. Skani ya mtoto aliyetoka kuugua homa ya uti wa mgongo inaweza kuwa imepitwa na wakati kabla mzazi hajamaliza kukusanya nauli.

Linalofuata hapo ni la wazi. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe kusikia kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, au wiki chache tu baada ya hapo, hata kama familia haijaona tatizo lolote, na akibainika hasikii, MRI na CT zifanyike mapema kwa masikio yote mawili. Chanjo nazo zina nafasi yake katika habari hii: Uganda ilianza kutoa chanjo ya pneumokoka, ambayo wengi huiita chanjo ya nimonia, mwaka 2013, na pneumokoka ndiye mdudu anayehusishwa zaidi na koklea kugeuka mfupa.

Si kila uziwi huacha alama kwenye picha. Dawa za kuua bakteria kama gentamisini huua chembe zenye vinyweleo na kuliacha umbo la koklea vilevile. Rubela aliyoipata mama akiwa mjamzito, ugonjwa ambao chanjo yake ilianza kutolewa nchini pamoja na ya surua mwaka 2019, nayo huharibu hasa sehemu laini ambazo skani haizioni. Hata kwa watoto waliozaliwa viziwi, ni takriban mmoja kati ya watano tu ambaye CT itamwonyesha kasoro ya mfupa. Nimesikia wazazi wakivunjika moyo wakiambiwa kwamba skani ni safi, wakidhani wanaambiwa mtoto wao anajifanya. Skani safi haisemi kwamba mtoto anasikia. Inasema kwamba njia iko wazi, na kwa anayesubiri upandikizi hiyo ni habari njema.

Miongoni mwa kasoro za kuzaliwa zinazoonekana, baadhi hubadilisha kila kitu. Kuna masikio yasiyo na koklea kabisa. Hapo uzi hauna pa kuwekwa. Kuna masikio ambayo ukuta kati ya koklea na mfereji wa neva haukukamilika, na daktari akifungua tu, maji ya ubongo humwagika kwa nguvu. Akijua mapema, hujiandaa kwa vifaa vya kuziba na kwa uzi unaofaa. Kuna pia mfereji wa vestibula, njia nyembamba ya mfupa inayotoka kwenye sikio la ndani, uliopanuka kupita milimita 1.5, kasoro ambayo mtoto wake huweza kuzaliwa akisikia kiasi kisha akapoteza usikivu hatua kwa hatua, wakati mwingine ghafla baada ya kugongwa kichwa. Watoto hawa kwa kawaida hunufaika vizuri na upandikizi, na familia inayojua jambo hili inaweza kumwepusha mtoto na michezo ya kugongana vichwa.

Kisha kuna neva. Daktari anayeisoma MRI huukata mfereji wa ndani wa sikio kwa pembe ya mshazari, na kwenye skrini hujitokeza duara jeupe la maji lenye nukta nne nyeusi. Nukta ya juu upande wa mbele ni neva ya uso, ya chini upande wa mbele ni neva ya kusikia, na mbili za nyuma ni za kusimamia mizani ya mwili. Neva ya kusikia yenye afya kwa kawaida hulingana na neva ya uso kwa unene, au huizidi. Nukta hiyo ikiwa nyembamba mno, matarajio hushuka. Isipoonekana kabisa, umeme wa elektrodi huenda usipate wa kuupokea, hata kama koklea ni nzuri na upasuaji umefanywa kwa ustadi wote. Katika hali kama hiyo mtoto anahitaji lugha ya alama mapema, tena bila kusubiri, na familia inastahili kuambiwa hivyo waziwazi kabla haijauza shamba kwa ajili ya upasuaji.

Skani za hospitali, hata zilizo bora, zina mpaka wake. Utando unaotenga skala timpani na jirani zake una unene wa sehemu ndogo sana ya milimita, na CT ya mgonjwa aliye hai haiuoni. Inaona bomba moja la maji. Pengo hilo limezibwa na maabara. Mwaka 1993 Arne Voie na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha njia ya kuipiga picha koklea ya simbilisi, mnyama mdogo wa maabara (guinea pig): waliondoa chokaa ya mfupa, wakaifanya nyama iwe angavu kwa kemikali, wakaitia rangi inayong'aa, kisha wakapitisha tabaka jembamba la mwanga ubavuni na kurekodi tabaka baada ya tabaka bila kuikata. Baadaye watafiti wamezipiga picha koklea za binadamu waliofariki kwa CT ndogo ya maabara inayoona mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache, na kwa miale mikali ya sinkrotroni, mashine kubwa ya utafiti inayotoa eksirei yenye nguvu. Hakuna kati ya mbinu hizi inayoweza kufanyiwa mtu aliye hai. Hata hivyo ramani zake za pande tatu hulinganishwa na skani ya mgonjwa, na programu hukadiria utando upo wapi na mrija wa koklea una urefu gani ndani ya sikio lake mwenyewe.

Urefu huo si sawa kwa watu wote. Hutofautiana kwa milimita kadhaa kati ya mtu na mtu, na nyuzi zinazouzwa nazo huanzia kama milimita 16 hadi zaidi ya 30. Daktari hupima kwenye CT umbali kutoka dirisha la duara, kupitia katikati ya koklea, hadi ukuta wa upande wa pili. Kutokana na kipimo hicho kimoja, ambacho kwa kawaida ni karibu milimita 9, urefu wa mrija mzima hukadiriwa na uzi unaofaa huchaguliwa. Uzi mrefu kupita kiasi unaweza kukwama na kuumiza. Mfupi kupita kiasi huacha eneo la sauti nzito bila kuguswa.

Kwa familia za Uganda, ambazo baadhi yake huishia kutafuta upasuaji Nairobi au India, kuna jambo dogo lenye uzito mkubwa: kuomba data yote ya skani katika CD au flashi, pamoja na filamu. Filamu ni uteuzi wa picha chache zilizochapishwa. Haiwezi kugeuzwa, kukuzwa wala kujengwa upya kwa pembe nyingine. Data kamili yenye vipande vyembamba inaweza kutumwa kwa daktari aliye mbali, naye akasema kama neva ipo na njia iko wazi kabla tiketi hazijanunuliwa. Fomu ya maombi nayo itaje mfupa wa panja na upandikizi wa koklea. Ikiandikwa kichwa tu, kitapigwa kichwa tu. Mashine za CT zimeanza kufika katika hospitali za rufaa za mikoa, lakini MRI bado ziko Kampala kwa sehemu kubwa, hivyo ni busara safari moja ipangwe kukamilisha vipimo vyote. CT huchukua sekunde chache na mtoto mchanga huweza kupigwa akiwa amenyonya na kulala. MRI huchukua nusu saa au zaidi, na watoto wengi wadogo huhitaji dawa ya usingizi chini ya uangalizi.

Baada ya upasuaji, picha nyingine huhitajika, mara nyingi eksirei ya kawaida iliyopigwa kwa pembe maalumu, ili kuthibitisha kwamba uzi umezunguka ndani ya koklea na ncha yake haikujikunja. Mahali ambapo CT inapatikana, nafasi halisi ya kila elektrodi huweza kusomwa, na mtaalamu wa usikivu akaipatia kila moja sauti inayokaribia ile ambayo sehemu hiyo ya koklea iliumbwa kuipokea. Tangu siku hiyo mtoto ana sumaku chini ya ngozi ya kichwa. Vifaa vya miaka ya karibuni huvumilia MRI kwa masharti, vya zamani huweza kuhitaji sumaku iondolewe kwanza, na masharti hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Kadi ya kifaa yenye jina la modeli itunzwe pamoja na kadi ya chanjo, na ionyeshwe kabla mtoto hajaingizwa katika chumba cha MRI, hata kama kinachochunguzwa siku hiyo ni goti.